Shimo Lililofukiwa Lisifutwe Kwenye Ramani

Hotuba iliyotolewa jijini Arusha mbele ya wamiliki wa migodi midogo, madalali wa madini, wapima ardhi na wanafunzi wa jiografia, ikaandikwa upya ili isomwe na wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Ndugu wamiliki wa migodi, ndugu madalali mlioacha biashara zenu asubuhi hii, wapima wenzangu, na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma, ninawashukuru kwa kuja kumsikiliza mtu aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake akiinamia karatasi zenye mistari ya rangi ya udongo.

Naomba nianze na mlima ambao kila mmoja wetu anaufahamu. Aliyekulia hapa mjini anauona Meru kama koni iliyosimama kwa utulivu, ubavu wake ukipanda moja kwa moja hadi kileleni. Aliyekulia upande wa Momela anaujua mlima mwingine kabisa, uliobomoka ubavu wake wote wa mashariki, wenye shimo kubwa la volkano lililoachwa wazi na ukuta wa mwamba unaotisha. Watu hawa wawili wanaweza kubishana hadi uzeeni na kila mmoja akawa anasema kweli. Ukiwawekea mbele yao karatasi moja ya ramani ya topografia, ubishi unakwisha, kwa sababu mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye kimo kimoja, inazunguka kwa utaratibu upande wa Arusha, kisha ikifika mashariki inafunguka kama kwato la farasi. Mlima mzima unaonekana kwa mara moja, jambo ambalo jicho la mtu aliyesimama chini haliwezi kulifanya, hata akiwa ameishi hapo miaka 60.

Ninayotaka kuyasema leo, hata hivyo, yanahusu vilima vidogo zaidi, vya Mererani, katika safu ya Lelatema, kusini mwa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Tangu tanzanaiti ilipogunduliwa huko mwaka 1967, vilima vile vimetobolewa kwa zaidi ya nusu karne, na kwa hiyo havina sura moja tu. Vina sura ya juu, ambayo mbuzi na mvua huipita, na vina sura ya chini, ya mashimo na njia, ambayo wanaijua wale tu walioshuka. Ombi langu kwenu ni kwamba ramani ya vilima hivyo ibebe sura zote mbili, na zaidi ya yote ikumbuke mashimo ambayo tumekwisha kuyafukia.

Karatasi iliyotandikwa mezani hapa mbele imekuzwa kutoka ramani ya skeli ya 1:50,000, ambayo wanafunzi wameifahamu katika somo la usomaji wa ramani: sentimita 2 juu ya karatasi ni kilomita 1 juu ya ardhi. Karatasi za aina hii zimechorwa kwa kutumia picha za angani, nyingi kwa ushirikiano na idara ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya kupima makoloni yake, na baada ya uhuru kazi ikaendelezwa na wapima wetu wenyewe. Ninaziheshimu karatasi hizi. Walioweka alama za upimaji vileleni walibeba vyombo vyao mgongoni, wakalala porini, wakasubiri ukungu uondoke ili waone kilele cha pili, na kazi yao imedumu hadi leo. Lakini kumheshimu fundi hakutuzuii kusema kile ambacho kazi yake haikukusudiwa kukionyesha.

Fikirini shimo lenye mdomo wa mita 2. Katika skeli ya 1:50,000 mdomo huo utakuwa na upana wa sehemu 4 za mia moja za milimita moja, yaani mwembamba kuliko unywele wa kichwani. Hakuna kalamu inayoweza kuuchora kwa vipimo vyake. Kontua nazo, katika karatasi zilizochorwa kwa mita, hupishana kwa mita 20 za kimo. Korongo lenye kina cha mita 12 linaweza kupita lote katikati ya mistari miwili bila mstari hata mmoja kupinda. Ukiitazama karatasi utasema hapo ni mteremko laini, nawe ukichimba mdomo wa mgodi wako hapo utakuwa umeuweka ndani ya njia ya maji.

Sisemi haya kama hesabu za darasani. Mwaka 1998, wakati wa mvua za El Nino, maji yaliingia katika mashimo ya Mererani na watu wengi wakapotea chini. Mwezi Machi 2008 yaliingia tena, na wakafa wachimbaji zaidi ya 60. Maji ya mvua hayaanguki shimoni kutoka mbinguni moja kwa moja. Hukusanywa na mteremko, yakaletwa na korongo, na korongo lina mdomo wake, mkondo wake na mahali linapofurikia. Mambo hayo yote yanaonekana kwenye ramani ya kontua zinazopishana kwa mita 1, ambayo leo inaweza kuchorwa kwa picha za droni kwa siku chache. Data za vimo zinazopatikana bure, zilizokusanywa na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000, ni msaada mkubwa kwa eneo pana kama wilaya yote ya Simanjiro, ambamo Mererani imo, ila kila nukta yake inabeba mraba wa takribani mita 30, na katika mraba wa mita 30 mnaweza kuzika korongo pamoja na mdomo wa mgodi.

Kuna jambo jingine ambalo mara nyingi tunalisahau, nalo ni kifusi. Kila ndoo inayopanda kutoka chini inamwagwa mahali, na baada ya miaka 20 mahali hapo panakuwa kilima kipya ambacho hakimo katika karatasi yoyote. Kilima cha kifusi kikimwagwa kwenye korongo, maji yanatafuta njia nyingine, na njia hiyo huenda ikapita mlangoni kwa jirani. Akina mama wanaochekecha kifusi wakitafuta mabaki ya mawe wanajua vizuri kuliko mpima yeyote ni kilima kipi kilimwagwa lini na kutoka shimo la nani. Nimejifunza mengi kwao, na ninasikitika kwamba katika vikao vya upimaji vyote nilivyohudhuria sikuwahi kuona mmoja wao akialikwa.

Sasa niwasimulie siku moja ambayo ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama hapa.

Nilikuwa nikipima mipaka ya kiwanja kimoja cha mchimbaji mdogo. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi ileile na vumbi la grafaiti lilikuwa limegeuka tope jeusi linalong'aa, lile linalokaa kwenye mikunjo ya vidole hata ukinawa mara tatu. Mzee mmoja aliyekuwa akinishikia futi kamba alisimama ghafla, akaniomba nisogee hatua mbili, kisha akapiga ardhi kwa kisigino. Sauti iliyorudi haikuwa ya ardhi. Ilikuwa ya mtungi mtupu. "Hapa palikuwa na shimo la marehemu kaka yangu," akaniambia. "Tuliweka magogo, tukapanga mawe, tukamwaga kifusi juu. Linashuka, halafu linapinda kuelekea kule." Akanyoosha mkono kuelekea kwenye winchi ya jirani, ambako vijana walikuwa wakishuka kwa zamu wakati huohuo tukizungumza. Nilihesabu hatua. Zilikuwa 31. Nikafungua mchoro wa kiwanja niliokuwa nimepewa, na mahali pale palikuwa peupe kabisa.

Weupe ule umekaa nami hadi leo. Mtu anayetazama ramani huamini kwamba penye weupe hakuna kitu. Kumbe katika eneo la machimbo weupe unaweza kuwa na maana mbili, kwamba hakuna kitu, au kwamba aliyejua amekufa.

Msidhani tatizo hili ni letu peke yetu. Mwezi Julai 2002, huko Quecreek katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, wachimbaji wa makaa ya mawe walitoboa ukuta wa mgodi wa zamani uliotelekezwa na kujaa maji. Ramani waliyoitegemea haikuonyesha uchimbaji wa mwisho wa mgodi ule, hivyo walidhani bado wako mbali nao. Watu 9 walinaswa chini kwa zaidi ya siku 3, wakaokolewa wote wakiwa hai kupitia shimo lililochimbwa kutoka juu. Walikuwa katika nchi yenye mashine, wapima na fedha, na kilichokosekana kilikuwa karatasi moja iliyo sahihi.

Mfano mwingine unatufaa zaidi kwa sababu ni wa milimani. Juu ya mji wa Silverton, katika milima ya San Juan jimboni Colorado, watu walichimba dhahabu na fedha tangu karne ya 19, na milima ile imetobolewa kwa njia za mlalo kutoka kila upande. Wapima wa idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, waliipima milima hiyo na kuichora mapema, na katika ramani zao mgodi una alama zake: mdomo wa njia ya mlalo una alama inayofanana na herufi Y, shimo la wima ni mraba ulio nusu mweusi, mahali palipojaribiwa tu ni X, na machimbo ya wazi ni sururu mbili zilizopishana. Ukiishika ramani ya milima ile utaona alama hizo zimetapakaa juu ya kontua zilizobanana, na utaelewa mara moja kwamba mlima huo ni kama mzinga wa nyuki. Mwaka 1996 njia moja kubwa ya kutolea maji iitwayo American Tunnel ilianza kuzibwa kwa kuta za zege. Maji yaliyokosa njia yakapanda ndani ya mlima. Tarehe 5 Agosti 2015, wafanyakazi waliokuwa wakisafisha mdomo wa mgodi wa Gold King, ambao ulikwisha kuachwa, waliufungua bila kujua maji yalikuwa yamefika kimo gani nyuma ya kifusi. Lita takribani milioni 11 za maji yenye metali zikamwagika kwenye kijito cha Cement Creek, zikaingia mto Animas, na mto ule ukageuka rangi ya machungwa hadi mji wa Durango na kupita.

Nimeutaja mfano huu kwa sababu ramani ya juu walikuwa nayo, tena nzuri, na milango ya migodi ilionekana. Kilichopungua ni kujua kimo cha maji ndani na jinsi njia moja inavyoongea na nyingine. Kontua za juu na vimo vya chini lazima visomwe kwa pamoja, katika kipimo kimoja, kuanzia usawa mmoja wa bahari. Huko Leadville, mji mwingine wa madini wa Colorado ulio zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, jambo hilo lilifahamika zamani. Samuel Franklin Emmons na wenzake wa USGS waliichunguza milima ile, na kazi yao ilipotoka mwaka 1886 iliambatana na atlasi ya ramani na michoro ya mlima uliokatwa wima kama mkate, juu ukiona sura ya nchi na chini yake matabaka ya mwamba na njia za wachimbaji. Mchoro wa namna hiyo hauwezekani kabisa kama sura ya juu haijapimwa kwanza.

Wamiliki wa migodi mtakuwa mmeshaanza kufikiria mitobozano, yaani njia ya mgodi mmoja kutobokea ndani ya mgodi wa jirani, na mna haki. Tanzanaiti yetu imo katika miamba ya grafaiti iliyokunjwa na kuinama, na mchimbaji hufuata mwamba unakoelekea, wala mwamba haujui bikoni, yaani alama ya mpaka, ya mtu. Kwa utaratibu wetu mpaka wa leseni unashuka wima kutoka juu, hivyo anayefuata mwamba uliolala atavuka siku moja, atake asitake. Wamarekani walijaribu njia tofauti. Sheria yao ya madini ya mwaka 1872 ilimruhusu mwenye kilele cha mshipa wa madini kuufuata chini hata ukitoka nje ya mipaka ya pembeni ya kiwanja chake, na matokeo yake yalikuwa kesi zisizohesabika, ambamo wapima waliletwa mahakamani wakiwa na ramani na hata mifano ya migodi iliyotengenezwa kwa mbao na vioo ili hakimu aone mshipa unapopita. Kwa maoni yangu utaratibu wetu ni bora. Lakini mpaka wa wima una maana pale tu ambapo aliye chini anaweza kujua yuko chini ya nini. Bila vipimo vya chini vilivyofungwa kwenye alama za juu, ugomvi wa mtobozano unaamuliwa na mwenye sauti kubwa, na wakati mwingine, kwa huzuni nasema, unaamuliwa na moshi wa baruti unaopenya kutoka upande wa pili na kuwakuta watu ambao hawakuambiwa.

Hapa naomba wapima vijana wanisikilize kwa makini, kwa kuwa kosa ninalolitaja nimeliona likifanywa na watu wenye vyeti. Karatasi hizi za zamani zimechorwa katika mfumo wa marejeo, yaani msingi ambao namba za mahali huhesabiwa kutoka kwake, uitwao Arc 1960. Simu yako na kipokezi chako cha GPS vinasoma mfumo mwingine, WGS84. Ukichukua namba za simu na kuziweka moja kwa moja kwenye gridi ya karatasi bila kuzibadilisha, utakosea kwa takribani mita 300. Katika kutafuta njia ya Longido mita 300 hazitakudhuru. Mererani, mita 300 zinaruka viwanja kadhaa vya wachimbaji wadogo, na shimo la marehemu unalojitahidi kulihifadhi utakuwa umeliandika kwa jirani wa nne. Kila namba iandikwe pamoja na jina la mfumo wake, hata kama mwenye mgodi anakuharakisha. Ukuta uliozunguka machimbo, wenye urefu wa kilomita 24.5 na uliozinduliwa mwezi Aprili 2018, unaonekana wazi kwenye picha za setilaiti, na unaweza kukusaidia kuhakiki kama mchoro wako umekaa mahali pake. Tumieni pembe zake.

Kuhusu utunzaji, nina uchungu ambao sijaumaliza. Ofisi moja niliyowahi kuifanyia kazi ilihama jengo. Michoro ya mashimo iliyokuwa imeviringishwa juu ya kabati, mingine ikiwa ya penseli, mingine ikiwa na alama za vidole vya wachimbaji waliokuja kuielekeza, ilionekana kuwa uchafu, ikachomwa nyuma ya jengo pamoja na magazeti. Nilifika jioni nikakuta majivu. Hakuna aliyekusudia ubaya. Karatasi zile hazikuwa na orodha, hazikuwa na nakala, na aliyepewa kazi ya kusafisha hakuwa na namna ya kujua kwamba amebeba kumbukumbu ya mlima. Kwa hiyo ninapowasikia watu wakisema tununue droni kwanza, najibu kwamba droni ni nzuri, ila haitaona shimo lililofukiwa mwaka 1985. Shimo hilo limo katika kichwa cha mzee fulani wa Mererani, wa Sanya Juu au wa Babati, na katika karatasi moja iliyokunjwa kwenye sanduku la nguo. Watafiti wa majalada pia wakumbuke kwamba Mkoa wa Manyara, ambamo Mererani imo, ulianzishwa mwaka 2002, hivyo nyaraka za kabla ya hapo ziko chini ya jina la Mkoa wa Arusha, na mtu anayetafuta Manyara peke yake ataambiwa hakuna kitu.

Uingereza, tangu mwaka 1872, sheria iliwataka wamiliki wa migodi kuwasilisha mchoro wa mgodi wanapouacha. Sisi hatuhitaji kusubiri sheria mpya ili tuanze. Mmiliki anayefunga shimo anaweza, kabla ya kuweka gogo la kwanza, kumwita mpima akachukua mahali pa mdomo, kina, upande njia zilikoelekea na kimo cha maji kama yapo, akaandika tarehe na majina ya walioshuka mara ya mwisho. Ni kazi ya siku moja, na gharama yake ni ndogo kuliko ya tenki moja la dizeli ya kompresa. Nakala moja ibaki mgodini, nyingine iende ofisi ya madini, na ya tatu apewe jirani, kwa sababu jirani ndiye atakayeihitaji. Najua wapo wanaoogopa kuonyesha michoro yao, wakidhani watakuwa wamefichua mwamba wao unakoelekea. Hofu hiyo naielewa, watu wamewekeza mali zao zote humo. Lakini mchoro wa shimo lililofungwa haumwonyeshi mtu utajiri wako. Unamwonyesha mahali asipopaswa kulipua.

Nimezungumza vya kutosha. Karatasi ile mezani nimeichapisha upya kwa ukubwa, kilima kimoja kikiwa kimejaza meza nzima, na juu yake nimeweka karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga ili yeyote aweze kuchora bila kuharibu. Penseli zipo, futi kamba ipo, na vijana wawili wa upimaji watakaa pale hadi saa 11 jioni wakiandika kila mtakachowaambia. Shimo la kaka yake yule mzee nimekwisha kuliweka, ni ule mraba ulio nusu mweusi karibu na kona ya kusini. Wazee wangu, mnaokumbuka mengine, naomba muanze nyinyi kupita mbele.